Nilimnyima Mbombo Karatasi Zake

Nina miaka hamsini na saba. Ninaishi Tukuyu, peke yangu, katika nyumba aliyoniachia mama. Sikuolewa, sikuzaa. Majirani wananiheshimu kwa sababu wanajua niliwahi kufundisha nje ya nchi kwa kujitolea. Padri akinitambulisha kwa wageni huwaambia: huyu alifundisha Zaire wakati mambo yameharibika, bila mshahara, miaka mitatu.

Mimi huinamisha kichwa. Wanadhani ni unyenyekevu…

Wasomaji wenzangu, naandika haya kwa sababu nimechoka kusifiwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoondoka nyumbani. Baba alikwisha kufariki, na mama hakuwa na mtoto mwingine. Parokia yetu ilikuwa inatafuta msichana wa kwenda kusomea Kifaransa, ili akirudi afundishe katika shule ya wasichana. Nikachaguliwa mimi. Nafasi ikapatikana chuo kikuu cha Lubumbashi, Zaire. Mama alinishonea magauni mawili kwa mkono wake, akanisindikiza mpaka stesheni ya Mbeya. Aliniomba kitu kimoja tu, nisikae muda mrefu bila kumwandikia.

Nani aliwahi kukaa ugenini asijue upweke wa Jumapili? Wenzangu wa bweni walikuwa na shangazi mjini, wana binamu, wana kanisa la kwao. Mimi nilikuwa na kitanda na kamusi. Hata Kiswahili changu kilinitenga. Nikisema "sisi tunakwenda", wasichana walicheka na kusema ninaongea kama kitabu. Wao walisema "shiye tunaenda", na maneno ya Kifaransa yakaingia katikati kama watu wa nyumbani. Nilizoea kunyamaza.

Ndipo akaja Mama Ngalula.

Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari huko Likasi, mji wa viwanda vya shaba, mwendo wa saa chache kutoka Lubumbashi. Shule ilikuwa ya mtaa, aliianzisha mwenyewe kwa wanafunzi sita katika ukumbi ulioazimwa. Walimu wake wa Kiingereza walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine. Akaja chuoni kutafuta mwanafunzi yeyote wa kumsaidia wakati wa likizo. Mtu akamwelekeza kwangu.

"Weye njo mutoto ya Tanzania?" akaniuliza. "Unajua Kingereza?"

Nikasema ninajua.

"Basi kuya tuende Likasi. Mushahara haiko. Lakini bukari haitakosa, na kwangu utalala na mutoto yangu mwanamuke."

Bukari ndiyo ugali wao. Nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Nikaenda.

Nilikaa kwake wiki sita. Ilikuwa nyumba ya matofali katika mtaa wa Kikula, yenye baraza pana. Mume wake, Papa Tshibangu, alifanya kazi kwenye mtambo wa kuyeyushia shaba. Alirudi alasiri, akaoga, akatuuliza tumejifunza nini leo. Binti yao Mbombo alikuwa na miaka kumi na mitano. Tulilala chumba kimoja, kitanda chake na changu vimetenganishwa na sanduku. Alinifundisha Kiswahili cha kwao, nami nikamfundisha Kiingereza. Alikuwa na akili ya haraka, aliuliza maswali mpaka nasinzia. Alitaka kuwa daktari.

Wanafunzi waliniita "Madamu Tanzani". Nikipita njiani walisimama. Nawaambieni ukweli, hakuna kitu kitamu kama kuhitajiwa wakati umezoea kutoonekana. Nilirudi Lubumbashi nikiwa nimeacha moyo wangu Likasi.

Haukupita muda, fujo zikaingia chuoni. Chuo kikafungwa, tukaambiwa kila mtu arudi kwao. Wageni wenzangu walifunga mizigo. Mimi pia ningeweza kupanda gari kwenda Zambia, na kutoka pale treni ya kwetu. Lakini ningefika nyumbani na nini mkononi? Parokia nzima ilijua nimeenda kuchukua shahada. Niliona aibu…

Nikamwandikia mama kwamba nimeombwa kufundisha Likasi kwa kujitolea, mwaka mmoja tu. Haukuwa uongo. Lakini haukuwa ukweli wote. Nilijitolea kwa sababu niliogopa kurudi mikono mitupu, na kujitolea ni neno zuri la kujifichia.

Mama Ngalula alinipokea kama mtoto aliyerudi. Alinikabidhi madarasa matano.

Mwaka ule Likasi ilikuwa inazimika. Viwanda vilisimama kimoja kimoja. Papa Tshibangu alianza kurudi saa sita mchana, kisha akawa haendi kabisa. Askari walipora maduka ya mjini, na maduka mengi hayakufunguliwa tena. Posta ilifungwa, barua ilibidi umpe dereva wa lori na kumwombea safari njema. Walimu waliacha darasa wakaenda kuchimba mawe ya madini huko Kambove. Chaki zilipokwisha tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Na bado kila asubuhi Mama Ngalula alisimama mlangoni mwa shule, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akisalimia kila mtoto kwa jina.

Nilimpenda mama yule. Lazima mjue hilo kabla sijaendelea.

Kisha siasa zikaingia. Katika mikutano watu wakaanza kuambiwa kwamba wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine wa nchi ile ile, ndio waliowanyang'anya wenyeji kazi, na kwamba warudi kwao. Kwao wapi? Papa Tshibangu alizaliwa Likasi. Baba yake alizikwa Likasi. Mbombo hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Lakini walikuwa na majina ya Kasai, na hilo likatosha. Jirani waliyekopeshana naye chumvi miaka kumi aliacha kuwasalimia. Siku moja, mchana kweupe, mawe yakavunja madirisha ya mbele.

Watu wa kamati ya shule wakaja. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti. Alisema shule haiwezi tena kuongozwa na mtu wa Kasai. Walimpa nafasi hiyo Mwalimu Kaoma, mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa kule kule. Kaoma akakataa. Alisema hawezi kukaa kwenye kiti ambacho mwenyewe bado yuko hai. Ndipo wakanigeukia mimi. Nilikuwa mgeni, sina upande.

Nilimwendea Mama Ngalula nikilia. Alikuwa anakunja mashuka.

"Kamata," akaniambia. "Weye usipokamata, watafunga masomo, na batoto watatawanyika. Nitaenda roho ikitulia nikijua ni weye."

Akafungua mkoba wake, akanipa ufunguo wa ofisi na muhuri wa shule. Akaniomba pia nibaki katika nyumba yake, niilinde. Wiki ile ile wao wakahamia stesheni ya treni, pamoja na maelfu ya wengine, kungojea mabehewa ya kuwapeleka Kasai.

Mabehewa hayakuja. Familia zilikaa pale wiki baada ya wiki, chini ya maturubai na mabati, mvua ikinyesha. Watoto waliharisha. Siku za kwanza nilikwenda kila jioni na sufuria ya sombe, ndiyo kisamvu chao, tunakula pamoja tukiwa tumekalia masanduku. Mama Ngalula aliniuliza habari za shule, darasa kwa darasa.

Kisha mwenyekiti akaniita pembeni. Hakunitisha, aliniongelesha kama mzazi.

"Madamu, bantu banakuona kule stesheni. Weye uko mugeni. Hii mambo haiko yako. Siku bantu bakikasirika, nani atasimama mbele yako?"

Nikaacha kwenda. Mwanzo nilijiambia ni siku mbili tatu. Baadaye nikaanza kuzunguka njia ya juu ili nisipite karibu na reli. Stesheni ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka kitanda nilicholalia… kitanda changu, pembeni ya kitanda kitupu cha Mbombo.

Mwenyekiti alitoa na amri nyingine. Karatasi za shule zisipewe wanaoondoka. Ni mali ya shule. Mnajua maana yake? Mbombo alikuwa amemaliza mwaka wa tano. Bila matokeo ya miaka yake yote, yenye sahihi ya mkuu na muhuri, hakuna shule Kasai ambayo ingempokea mwaka wa sita kufanya mtihani wa mwisho. Angehesabiwa kama hakusoma.

Alikuja ofisini kwangu saa za mapumziko. Alikuwa amekonda, lakini sare yake ilikuwa imefuliwa. Sijui alifua wapi.

"Madamu, mama anasema nikuje kukamata karatasi zangu."

Zilikuwa tayari. Nilikwisha kuziandika, nikazitia muhuri, nikazifungia kwenye droo. Kilichobaki ni kuivuta droo. Lakini nje watu walikuwa wanapita, nikaona kila jicho linanitazama mimi. Nikamwambia arudi kesho.

"Kesho ya kweli, Madamu?"

Nikasema ya kweli. Kesho yake akarudi, nikamwambia tena kesho.

Mara ya tatu alinikuta na mwenyekiti ofisini. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, amekunja nne, anasoma orodha ya wanafunzi. Mbombo alisimama mlangoni, akasalimia vizuri, akasema amekuja kwa ajili ya karatasi zake. Mwenyekiti hakuinua hata kichwa. Alikuwa anangoja nitakachosema.

Nilisema, "Hakuna karatasi za jina hilo hapa."

Droo ilikuwa inagusa goti langu.

Wapendwa, nimesikia matusi maishani, nimeonewa pia. Lakini hakuna kilichowahi kuniumiza kama vile mtoto yule alivyonitazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayemtafuta mtu mwingine ndani ya uso wangu, akamkosa. Akasema, "Merci, Madamu," akafunga mlango polepole, akaondoka.

Mwenyekiti akanisifu. Aliniambia mimi ni mtu wa busara.

Mwalimu Kaoma alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha walimu. Alinisubiri mpaka tukawa wawili tu. Alisema kuna habari kwamba behewa litakuja siku mbili zijazo, nimpe yeye karatasi, atazipeleka. Yeye alikuwa anakwenda stesheni kila siku na unga wa mahindi ndani ya mkoba wa vitabu, na hakuna aliyemgusa. Hilo pia sikulijua. Nilikuwa nimejidanganya kwamba haiwezekani.

Nikaona aibu kumpa. Nikamwambia nitazipeleka mimi mwenyewe, nimwombe mtoto msamaha kwa mdomo wangu.

Na nilikusudia. Naapa nilikusudia… Lakini siku ilipofika, asubuhi lori lilikuwa linakwenda misheni ya Kapolowe kuchukua unga wa walimu, na dereva akauliza nani anaongozana naye. Nikapanda mimi. Nilijiambia tutarudi mapema. Kwa nini nilipanda? Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani nilitaka siku ile ipite bila mimi kuwemo.

Tulirudi jua linaelekea kushuka. Nilikwenda moja kwa moja stesheni na bahasha kifuani. Palikuwa na majivu, mawe ya mafiga, na wanawake wawili wanaokota mabati. Treni ilikuwa imeondoka tangu saa saba.

Kaoma alikuwa bado pale, amekaa ukingoni mwa jukwaa. Akaniambia mwenyewe.

"Mama Ngalula alikutafuta na macho mupaka mwisho. Nilimwambia uko safari. Akasema ni muzuri, upate kupumuzika, unatumika kazi sana."

"Na Mbombo?" nikauliza.

"Mutoto hakumwambia kitu. Nilimwona. Alikuwa anatazama chini tu."

Akaondoka. Tangu siku hiyo Kaoma aliongea nami mambo ya kazi tu, kwa adabu, kama unavyoongea na karani wa ofisi usiyemjua.

Sasa nikabaki. Darasa la mwaka wa tano lililokuwa na wanafunzi arobaini na mmoja likawa na kumi na saba. Nilifundisha nikitazama madawati matupu. Nikirudi nyumbani, nyumba nzima ilikuwa kimya; nilipika chakula cha mtu mmoja katika sufuria ya familia nzima. Hakuna aliyekuja barazani. Waliowapenda akina Ngalula walinichukia, na waliowachukia hawakunihitaji. Jumapili kanisani benchi langu lilijaa mwisho. Siku nyingine niliongea peke yangu kwa Kinyakyusa, ili nisikie tu sauti ya kwetu.

Nilikaa hivyo karibu miaka miwili. Mbona sikuondoka? Niliogopa kwamba nikiondoka, yale niliyoyafanya yatakuwa hayana sababu hata moja. Nilishikilia shule kama mtu anayeshikilia kitu cha wizi.

Mwisho wake haukuchelewa. Asubuhi moja mwenyekiti alikuja na mpwa wake, kijana aliyetoka Kolwezi na cheti kipya. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. Akasema shule sasa inahitaji mtu wa nchi, na nyumba imepata mwenyewe. Nilipewa siku mbili.

Nikamwambia nimefundisha miaka mitatu bila mshahara.

"Nani alikuita, Madamu?" akaniuliza. "Yule aliyekuita alishaenda."

Nikaenda kufunga begi.

Nilipofika Lubumbashi nilipita chuoni kuuliza kama kuna barua zangu. Mzee wa mapokezi akanitolea furushi limefungwa kamba. Zilikuwa barua za mama. Alikuwa anaziandikisha kwa mwalimu wa kijijini, kwa anwani pekee aliyoijua. Ya kwanza alifurahi kwamba ninasaidia watoto wa watu. Ya nne aliuliza kama ninaumwa. Ya saba alisema kifua kinambana, na kama nimemkasirikia kwa jambo lolote nimsamehe… Ya mwisho haikuwa yake. Ilikuwa ya parokia, ikinijulisha kwamba amezikwa. Ilikuwa imeandikwa miezi saba nyuma.

Niliketi kwenye ngazi za chuo kile, magauni niliyoshonewa yakiwa yamechakaa ndani ya begi, nikalia mpaka mzee yule akaniletea maji. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kuandika barua kwa Kiingereza. Mama yangu mwenyewe sikumwandikia tena, akafa akidhani nimemsusia.

Nilirudi Tukuyu. Parokia walinipokea vizuri, wakanipa kazi bila kuuliza shahada. Walitaka kusikia habari za kujitolea, nami niliwasimulia habari za chaki za muhogo. Niliishia hapo.

Miaka ikapita. Nilituma barua Mbuji-Mayi, mji wa Kasai, kupitia masista, mara nyingi, sikupata jibu. Nilipokata tamaa kabisa, bahasha ikaja. Mama Ngalula alikuwa mzee, mwandiko wake umepinda, lakini nilijua ni wake. Barua ilikuwa fupi, naikumbuka yote.

Alisema Papa Tshibangu hakufika Kasai. Aliugua ndani ya behewa, wakamzika njiani, mahali ambapo treni ilisimama siku tatu. Alisema Mbombo alikataliwa shule mbili, akarudishwa darasa la watoto wadogo, akaona haya, akaacha. Ameolewa, ana watoto wanne, anauza mafuta ya mawese sokoni. Kisha akaandika: "Ni mwaka uliopita tu njo Mbombo aliniambia maneno uliyomwambia mule ofisini. Alinificha miaka hii yote, juu alijua nilikupenda. Zile karatasi, baki nazo. Minye sina kinyongo. Lakini usiandike tena."

Sijaandika tena.

Vijana mnaokwenda kusoma nje, nawasihi. Inatokea masomo yakakwama, na mtu akakuambia huku kuna watoto hawana mwalimu, baki. Ni kazi njema, na wako wanaoifanya kwa moyo safi. Mimi nilimwona Kaoma akiifanya na mkoba wake wa unga. Lakini kabla hujabaki, jiulize unakimbia nini kwenu. Mwandikie mama yako ukweli wote, hata kama ni wa aibu. Na jua mapema kwamba siku itakuja ambapo wale uliokuja kuwasaidia watahitaji kitu kigumu kuliko somo la Kiingereza, nacho kitakuwa mikononi mwako, na watu wakubwa watakuwa wamekaa pale wanakutazama.

Siku hiyo usiseme kesho. Vuta droo, mpe mtoto kilicho chake, na yatakayokupata yakupate. Mimi niliogopa kupatwa na jambo, nikapona. Nimepona miaka yote hii, na sina mtu wa kula naye.